Basi Tupu la Kurudi Kimara: Foleni ya Usafiri na Ramani ya Viwanja

Simama kando ya Barabara ya Morogoro pale Manzese, Dar es Salaam, siku ya kazi, saa 1 asubuhi, utazame mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yake yenyewe, yanavyopishana. Yanayotoka Kimara kwenda mjini yamejaa mpaka vioo vimeshika ukungu. Watu wamebanana mlangoni, na kuna mtu mkono wake uko huku na mkoba wake uko ng'ambo ya abiria asiyemjua. Yanayorudi Kimara yanapita na viti vitupu, abiria wanne au watano wametawanyika humo ndani. Saa 12 jioni mambo yanageuka: ya kwenda Kimara ndiyo yanayogombaniwa, na ya kwenda mjini ndiyo yanayopita matupu.

Kila aliyewahi kusubiri kituoni atakwambia kwamba mabasi hayatoshi. Ni kauli ya haki. Ila tuifuate mpaka mwisho wake. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba watu kama 150. Likiondoka moja kila baada ya dakika mbili, kwa saa moja yameondoka 30, yaani watu 4,500 kwa upande mmoja wa barabara. Ukitaka kubeba watu 9,000 uongeze mabasi mengine 30 kwa saa, na kila moja kati ya hayo litarudi tupu. Mafuta ni yale yale, tairi zinalika vile vile, dereva anastahili mshahara wake wote, lakini nusu ya kazi haina anayeilipia. Ndiyo maana usafiri wa namna hii unaweza kupata hasara hata siku ambayo watu wamepanga foleni mpaka nje ya kituo.

Watu wa Dar es Salaam walilitambua jambo hili zamani bila kufundishwa na mtu. Kwenye daladala kuna desturi ya kugeuza na gari. Asubuhi unapanda daladala linaloelekea kusiko kwako, kwa kuwa upande huo lina nafasi. Unalipa nauli, unakwenda nalo hadi mwisho wa njia, likigeuza wewe umeshaketi na wenzako ndio wanaogombania. Unalipa mara mbili ili upate kiti kimoja. Mtu anayefanya hivyo kila siku anaijua jiografia ya jiji hili kuliko ramani nyingi za ofisini.

Kwa nini upande mmoja ujae na mwingine ubaki wazi? Kwa sababu vitanda viko upande mmoja na kazi ziko upande mwingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni watu zaidi ya milioni moja walioongezeka kwa miaka kumi, na wengi wamepata viwanja au vyumba kule ambako bei inashikika: Mbezi, Goba, Bunju, Kitunda, Chanika, Chamazi, Kigamboni ya ndani. Ofisi, maduka ya jumla, hospitali kubwa na vyuo havikuwafuata kwa kasi ile ile. Posta na Kariakoo bado ndiko kunakoitwa mjini, hata na mtu anayeishi ndani ya jiji hilo hilo.

Hapa ndipo linapoingia neno la wataalamu wa mipango miji: matumizi mseto ya ardhi. Maana yake ni eneo moja, pengine jengo moja, kuwa na watu wanaolala humo, wanaouza humo, wanaofanya kazi humo na watoto wanaosoma karibu. Kinyume chake ni kutenga: hapa makazi tu, pale viwanda tu, kule biashara tu, na barabara ndefu ya kuviunganisha. Neno lenyewe linasikika la kigeni, lakini kitu chenyewe tumekulia ndani yake.

Nyumba alimonilea bibi yangu Magomeni ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Bibi alikaa chumba kimoja, vingine vina wapangaji. Chumba cha mbele kilitobolewa mlango wa barabarani kikawa duka. Barazani asubuhi kulikaa mama wa vitumbua, mchana fundi cherehani, jioni wazee na bao lao. Genge la nyanya na vitunguu lilikuwa hatua ishirini. Sikuwahi kumsikia mtu akiuita huo ni mseto wa matumizi. Ulikuwa ni mtaa. Lakini ukihesabu safari zilizofanyika pale kwa siku nzima bila mtu kupanda gari, utaona kazi kubwa sana ambayo nyumba ile iliufanyia usafiri wa jiji. Kila kitumbua kilichonunuliwa barazani ni safari moja iliyoondolewa barabarani.

Kutenga kulikuja na watu, na kulikuwa na sababu zake. Wajerumani walipoufanya mji huu kuwa makao makuu ya koloni mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa kugawa nyumba wakawa wamegawa watu. Baadaye Waingereza wakaendeleza mgawo huo mpaka majina yakazoeleka: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanda wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunaufurahia kwa sherehe na mikutano, uliachwa wazi ili kuwatenganisha Waafrika wa Kariakoo na wengine. Kariakoo yenyewe imepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo.

Cha kushangaza ni kwamba ndani ya mafungu hayo, mawili kati ya matatu yalikuwa ya mseto. Uhindini, kuanzia Kisutu hadi Mtaa wa Jamhuri, familia ziliishi ghorofani na kuuza chini. Uswahilini kulikuwa na baraza na vyumba vya kupanga. Ni Uzunguni tu, kule Oysterbay na kandokando ya bahari, ambako nyumba ilikaa peke yake katikati ya bustani kubwa, mbali na duka, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na gari na mtumishi wa kumtuma. Halafu mtindo huo mmoja, wa watu wachache kuliko wote, ndio ukawa picha ya makazi bora. Mipango kabambe ya jiji ya 1949, 1968 na 1979 yote iliandaliwa na makampuni ya washauri kutoka nje, na kila mmoja ulikuja na ramani ya rangi: rangi hii makazi, rangi ile viwanda, rangi nyingine biashara. Kipimo cha nyumba nzuri kikabaki kiwanja kikubwa, ukuta, na ukimya.

Leo hii mgawo haupimwi kwa kabila la mtu. Unapimwa kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Mwenye kiwanja cha makazi akitaka kujenga fremu mbili za maduka mbele ya nyumba yake, kwa utaratibu anatakiwa aombe kubadilisha matumizi ya ardhi, atangaze, alipe, asubiri. Wengi hawasubiri. Wanapiga tofali, wanaweka mlango wa chuma wa kukunja, na fremu inapata mpangaji kabla rangi haijakauka. Ndiyo maana mitaa yetu mingi ni ya mseto kwa vitendo na ya makazi kwa maandishi. Mtu anaweza kusema basi hakuna tatizo, watu wameshajitatulia. Tatizo lipo: kitu kisichotambuliwa hakipangiwi maji taka, hakijengewi njia ya miguu, hakipewi mtaro unaokitosha, na mwenye duka anaishi na hofu ya alama nyekundu ya X ukutani, ile ya kubomolewa.

Sasa tuje kwenye miguu, maana kila safari ya basi inaanza na kuisha kwa miguu.

Mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida hutembea kama kilomita tano kwa saa. Mita 500 ni dakika sita. Wapangaji wa usafiri sehemu nyingi duniani huchukua umbali wa aina hiyo kama kiasi ambacho mtu atakubali kutembea kwenda kituoni bila kuwaza bodaboda. Chora duara la mita 500 kuzunguka kituo, utapata eneo la hekta 78 hivi. Dar es Salaam yote, ukigawa watu wa sensa ya 2022 kwa kilomita za mraba kama 1,393 za mkoa, ni watu 39 kwa hekta. Kwa wastani huo duara lako lina watu 3,000. Mtaa uliojengeka wa watu 150 kwa hekta unaweka karibu watu 12,000 ndani ya duara lile lile, kwa kituo kile kile, kwa lami ile ile. Ghorofa nne zenye maduka chini zinafika hapo bila shida. Nyumba moja moja zenye ukuta na bustani hazifiki hata zikijaa.

Lakini duara ni la kwenye karatasi. Binadamu hatembei kwa kupita juu ya kuta. Kama njia zinapinda na mtu analazimika kuzunguka, akatembea mita 750 kufika mahali ambapo ndege angeruka mita 500, basi dakika zake sita zinamfikisha umbali wa mita 333 tu kutoka kituoni, na eneo linalohudumiwa na kituo hicho linashuka hadi chini ya nusu. Nimeufikiria sana mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba ukuta mrefu wa taasisi moja, usio na lango la nyuma, unaweza kuua kituo cha basi kilichogharimu fedha nyingi. Tazama Kariakoo: mitaa imenyooka, imekatana, kona kila baada ya hatua chache. Ukikuta njia imezibwa na mkokoteni, unapita mtaa wa pili na hujapoteza kitu. Makazi holela ya Manzese au Tandale nayo, pamoja na shida zake zote, yana vichochoro vinavyomtoa mtu popote. Anayeteseka zaidi ni mkazi wa kiwanja kilichopimwa vizuri mbali na mji. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 uligawa maeneo kama Kibada, Buyuni, Tuangoma na Mbweni kwa mpangilio mzuri wa macho, na ulisaidia maelfu kupata ardhi isiyo na mgogoro. Viwanja vilikuwa vikubwa, watu wakajenga polepole na kwa kutawanyika, na daladala haliwezi kuishi kwa abiria watatu kila kilomita. Pengo hilo limejazwa na bodaboda na bajaji.

Kutembea kwenyewe nako kuna masharti ambayo duara haliyaonyeshi. Dakika sita za saa 1 asubuhi si dakika sita za saa 8 mchana mwezi Februari. Kivuli cha mwarobaini au cha varanda ya duka ni sehemu ya usafiri wa umma sawa na tiketi. Mfuniko wa mtaro ulioibwa ni sehemu ya usafiri wa umma pia, muulize mama aliyewahi kutumbukia na mtoto mgongoni. Na usiku, njia ambayo ina duka la Mangi lenye taa, mama wa chipsi na vijana wa kijiwe inapitika. Njia ya kuta mbili ndefu zisizo na dirisha haipitiki, hasa kwa mwanamke anayerudi kazini peke yake. Fremu zinafanya kazi ya ulinzi bila kulipwa mshahara wa ulinzi.

Mwendokasi ulipoanza kubeba abiria Mei 2016, ulikuwa na njia kuu ya kama kilomita 21: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, vituo vya njiani 27 na vikubwa vitano. Wakala wake, DART, ulikuwa umeundwa tangu 2007. Kabla ya hapo Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliwahi kuwa tegemeo la jiji tangu miaka ya 1970, likazidiwa, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, yale yaliyopata jina daladala kwa sababu nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Kila hatua ya historia hii ilikuwa ni kuhangaika na chombo: mabasi ya nani, mangapi, ya ukubwa gani. Mwendokasi uliongeza kitu kipya na kikubwa, nacho ni njia yake yenyewe isiyoingiliwa na foleni ya magari. Nauli ya njia kuu ilianza kwa shilingi 650, ya mabasi mlisho, yale yanayowaleta watu kwenye njia kuu, 400, na ukiunganisha 800.

Chukua shilingi 650 hizo tufanye hesabu ambayo konda yeyote wa daladala ataielewa. Basi limejaa Kimara watu 150, wote wanashuka Kivukoni. Limekusanya shilingi 97,500. Sasa chukua basi lile lile, ila nusu ya abiria wake wanashuka Ubungo kwa kuwa kazi yao iko pale, wengine 75 wanapanda. Magomeni tena 75 wanashuka na 75 wanapanda. Nauli ni ile ile ya umbali wowote. Basi halikuongeza hata lita moja ya mafuta ya maana, lakini limehudumia watu 300 na kukusanya shilingi 195,000. Kiti kimeuzwa mara mbili. Konda anaposhangilia abiria wa kushuka kituo cha pili, anashangilia hesabu hii. Na kitu pekee kinachoweza kuleta abiria wa kushuka njiani ni kuwa na sababu ya kushuka njiani: ofisi, soko, chuo, zahanati, karakana, vilivyosambaa kandokando ya njia yote, na nyumba za watu katikati yake.

Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza na swali hili kabla ya swali la mabasi. Njia zake za mabasi za kwanza zilifunguliwa mwaka 1974, lakini mpango wa jiji ulikuwa umeshaamua mihimili ambayo majengo marefu yangeruhusiwa, na mihimili hiyo ndiyo iliyopewa mabasi. Chini maduka, juu makazi, mbele yake njia ya basi. Ukitoka mtaa mmoja nyuma urefu wa majengo unashuka. Sisi tulijenga barabara kwanza, na ardhi iliyoizunguka ikabaki na masharti yake ya zamani kwa miaka. Ukipanda mwendokasi leo, kuna mahali pengi unashuka kwenye kituo cha kisasa ukakutana na ukuta wa ghala au eneo la maegesho.

Kuna mfano mmoja wa karibu unaonipa moyo. Magomeni Kota, nyumba za zamani za serikali zilibomolewa, na baada ya miaka ya kusubiri kwa uchungu zikajengwa ghorofa kwa ajili ya kaya 644, zikazinduliwa mwaka 2022. Kituo cha Magomeni kiko hapo jirani. Wakazi wa zamani walirudishwa, jambo ambalo katika miradi ya aina hii duniani halitokei mara nyingi, na wamebaki karibu na soko, shule na basi walivyovizoea. Kuna pia Sinza, iliyopimwa katika miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Viwanja vilikuwa vidogo, mitaa imeungana, na wenye nyumba wakajenga fremu kidogo kidogo. Leo mkazi wa Sinza anaweza kuishi wiki nzima, akala, akanyoa, akatibiwa, akasali na akafanya kazi, bila kuvuka Shekilango. Hakuna aliyeliandikia jambo hilo mpango. Viwanja vidogo na kona nyingi viliruhusu litokee.

Tukigusa biashara hatuwezi kuwaruka machinga. Oktoba 2021 waliondolewa kwenye njia za miguu na hifadhi za barabara jijini, wakapelekwa maeneo yaliyotengwa. Nawaelewa waliosema njia za miguu zilikuwa hazipitiki, maana kweli hazikuwa zinapitika. Lakini machinga hakupenda jua. Alikuwa pale kwa sababu miguu inapita pale. Jengo la Machinga Complex kule Ilala lilijengwa kwa mkopo mkubwa karibu na mwaka 2010, likawa na vizimba, paa na mlango, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ikakaa bila wafanyabiashara. Mtu anayenunua soksi hapandi ngazi kutafuta soksi. Anazinunua akiwa njiani kwenda kituoni, au hazinunui kabisa. Stendi na vituo vya mwendokasi vingeweza kuchorwa tangu mwanzo na nafasi za meza ndogo, zenye mstari wa rangi chini, zenye maji na choo, kando ya mkondo wa abiria bila kuuziba. Eneo la mita mbili kwa mita moja na nusu ni duka kamili la mtu anayesomesha watoto watatu.

Nisieleweke kwamba mseto ni dawa isiyo na ukali wake. Ukali wa kwanza ni pango. Kariakoo ilikuwa mtaa wa watu wanaoishi. Chumba kimoja cha biashara kilipoanza kulipa kodi ya vyumba kumi vya kulala, wenye nyumba wakabomoa, ghorofa zikapanda, na sakafu nyingi za juu zikawa maghala ya mizigo. Matokeo yake mseto unajila wenyewe: mchana huwezi kupenya, usiku baadhi ya mitaa imekufa, na wale waliokuwa wakienda kazini kwa miguu sasa wanatoka Chanika kwa magari mawili. Ruhusa ya maduka chini isipoambatana na sharti la kuacha sehemu ya juu kwa makazi, soko litachagua ghala kila mara. Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki kwa hati sehemu ya jengo ilifungua mlango, kwa kuwa sasa familia inaweza kununua nyumba ya ghorofa ya tatu bila kununua jengo zima. Bado bei zake ni za watu wachache.

Ukali wa pili ni wa kuhuzunisha. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Kisutu, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo la biashara Kariakoo likaanguka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao wafanyabiashara na wateja waliokuwa wamekwenda kazini kama siku nyingine. Kuweka watu wengi mahali padogo kunahitaji mkaguzi anayefika eneo la ujenzi, anayejua kusoma nondo, na asiyenyamazishwa. Kelele za baa zinazokesha kando ya nyumba za watu nazo zina waathirika wao, na sheria ya muda wa muziki iko wazi ikisimamiwa. Na maji: Bonde la Msimbazi pale Jangwani limewahi kufunga Barabara ya Morogoro na kuzamisha karakana ya mabasi yenyewe, mara zaidi ya moja. Jiji likijenga kwa kusongamana kandokando ya njia za mabasi na kuacha mabonde yawe mabonde, litakuwa limepata vyote viwili. Likitambaa kila upande, litaendelea kuzibana njia za maji.

Ninapoutazama mji huu siombi Dar es Salaam ifanane na mji mwingine. Naomba maafisa mipango miji wachukue nyumba ya Kiswahili kama kipimo badala ya kosa: mlango wa mbele unaotazama mtaa, sehemu ya chini inayoruhusiwa kuuza bila kubadilishiwa hati, vyumba vya kupanga vinavyotambuliwa, na ghorofa tatu au nne pale palipo ndani ya mita 500 za kituo. Njia za miguu zijengwe kabla ya maegesho. Taasisi zenye kuta ndefu zifungue lango la nyuma. Na mlisho utoke kwenye daladala na bajaji ambazo tayari zinajua njia, kwa kadi ile ile ya mwendokasi, ili mtu wa Goba asilipe mara tatu kufika mahali pamoja.

Njia ya pili ya mwendokasi imejengwa kupita Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, na ya tatu inaelekea Gongo la Mboto kupitia Barabara ya Nyerere. Ukiipita ile ya Mbagala utaona tofauti na Kimara. Kuna Bandari na Kurasini, kuna Chuo cha Uhasibu, viwanja vya Sabasaba, uwanja wa taifa kwa ndani, viwanda vya Chang'ombe, soko la Tandika pembeni, hospitali ya Temeke. Kuna sababu ya kushuka kila baada ya vituo viwili vitatu, na kuna watu wanaoishi Mbagala na kufanya kazi Mbagala. Nyuma ya vituo hivyo, viwanja vingi bado ni nyumba za chini zenye fremu mbele, genge pembeni na mpangaji uani. Masharti ya viwanja hivyo bado yanaweza kuandikwa upya wakati wenyewe wangali wakiishi humo.